Fundi Soli na Marashi ya Ndimu

Benchi liko nje ya kibanda cha fundi viatu, ubavuni mwa duka la vitambaa, mahali ambapo ukuta unatoa kivuli mpaka mchana. Zamani lilikuwa mlango wa kabati, na mguu wake mmoja ni tofali. Wenyewe ni wale wale: Wakili, ambaye hakusomea sheria ila aliwahi kuitwa mahakamani kuwa shahidi, Rada, fundi wa redio, anayenasa habari kabla hazijatokea, na muuza kahawa, ambaye hakai mpaka birika liishe. Asubuhi hiyo Fundi Soli alitoka kibandani mkono wa kushoto ameunyoosha mbele kama uliopakwa rangi mbichi, akauleta chini ya pua ya Wakili.

— Nusa hapo, uniambie ni nini.

Wakili alivuta pumzi kwa heshima ya kazi.

— Ndimu.

— Si waridi?

— Fundi, kama hili ni waridi, basi mimi ni jaji.

Fundi Soli alikaa.

— Nimekwisha.

— Umekwishaje?

— Mke wangu leo asubuhi kanishika mkono, kanipulizia marashi, akasema, “Nusa. Mimi ndivyo ninavyokuona.” Nimenusa, sikusikia kitu. Pua yangu mnaijua, gundi iliiua zamani. Nikakisia. Nikasema, “Ahsante, waridi hili zuri.”

— Shemeji akasemaje?

— Alifunga chupa polepole, akaingia jikoni. Na huko jikoni sikusikia hata kijiko.

— Hata kijiko! alisema Rada. Hapo pana jambo.

— Ndiyo nawauliza nyinyi wenye pua. Mtu wa ndimu ni mtu gani? Nikijua alivyoniona, jioni nitaingia nyumbani na la kusema. Nisipojua, ndugu zangu, sina pa kuingilia.

Wakili aliweka kikombe chini.

— Ni wazi. Ndimu kazi yake nini? Kuondoa shombo. Shemeji anakwambia unanuka.

— Alisema ninavyokuona. Hakusema ninavyokunusa.

— Sheria haitazami maneno, inatazama nia. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Inahusu nini hiyo? aliuliza muuza kahawa.

— Inahusu. Fikiri.

Rada naye aliuvuta ule mkono.

— Wakili, umenusa juu juu. Chini yake kuna chungwa. Na mtu wa chungwa, mimi nimesikia, ni mchangamfu. Akiingia chumbani watu wanageuka. Anapenda safari, anacheka kwa sauti, hatabiriki.

Wote walimtazama Fundi Soli, mtu anayewaamkia wateja huku akitazama miguu yao.

— Labda alikosea mkono, alisema muuza kahawa.

— Wa nani mwingine? Nyumbani tuko wawili.

— Ngoja, ngoja, alisema Rada, pua bado iko kazini. Si chungwa hili. Ni danzi! Kwa nje chungwa, ukionja uchungu mtupu. Fundi, shemeji amegundua kitu.

— Kitu gani?

— Wewe ndiye unayejua. Rada inanasa, haitafsiri.

Wakili alisimama ghafla, kahawa ikamwagika.

— Jamani, tumeshika mkia tumeacha ng'ombe! Mtu anapewa ndimu, anasema waridi. Waridi kalinusa wapi? Kwa nani? Fundi, umejishitaki mwenyewe!

Uso wa Fundi Soli ulibadilika. Hilo hakuwa amelifikiria.

— Sina waridi lolote, Wakili.

— Ndivyo wanavyosema wote. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sikiliza, utetezi upo. Mwambie kwenu wote mnachanganya maua na matunda, ni ugonjwa wa ukoo.

— Au mwagia waridi nyumba nzima, alisema Rada. Mapazia, godoro, paka. Jioni shemeji akinusa atasema, kumbe mume wangu aliona mbali.

— Au ishitaki chupa! Sema marashi yamechakachuliwa, leta mashahidi. Mimi nina uzoefu.

— Samahani, fundi.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pembeni, kandambili yenye mkanda uliokatika mkononi. Hakuna aliyejua alifika saa ngapi.

— Mkeo hajui kwamba pua yako haisikii?

— Hajui, mama.

— Kwa nini hujamwambia?

Rada alianza kuchunguza tofali la benchi. Fundi Soli aliipokea ile kandambili, akatia uzi kwenye sindano, akaanza kushona.

— Siku ya kwanza nilipofika kwao, alisema bila kuinua kichwa, alipita karibu yangu na sinia. Sikuwa na la kusema. Nikamwambia ananukia vizuri. Alicheka mpaka vikombe vikagongana. Tangu hapo namwambia kila siku.

— Na siku hiyo alikuwa amejipaka nini?

Sindano ilisimama.

— Sijui.

Mwanamke aliwatazama wale wengine, kana kwamba angalau mmoja angejua. Wakili alitafuta methali. Ilionekana ikija, ikafika kooni, ikarudi. Muuza kahawa aliinamisha birika, yakatoka masimbi ya kahawa tu.

Fundi Soli alikata uzi kwa meno, akamrudishia mwanamke kandambili yake, akafunga kibanda.

— Saa hizi unakwenda wapi? aliuliza Rada.

— Kumuuliza siku ile alijipaka nini.

— Na akikuuliza kwa nini hujui?

— Ndipo nitakapomwambia.