Dakika Saba za Mzee Hilmo

Jumapili asubuhi benchi la mbele ya kibanda cha Razija, mkabala na stendi ya mabasi, lilijaa kabla Razija hajawasha jiko. Ni benchi la chuma, tena chuma chetu wenyewe, kilichoyeyushwa hapahapa bondeni enzi zile kiwanda kilipokuwa kiwanda. Halijapinda hata kidogo, ingawa wanaolikalia wamepinda wote. Kulia hukaa Masharubu, aliyekuwa dereva wa kreni, ambaye masharubu yake hufika kwenye kikombe kabla ya midomo. Anayefuata ni Mkurugenzi, ambaye katika maisha yake hakuongoza kitu kingine zaidi ya geti la malori. Kisha Dakika Saba, jina lake halisi Midhat, fundi umeme mstaafu, anayevaa saa ya marehemu babake. Saa hiyo iko mbele dakika saba, na ole wako umwambie airudishe. Na mwisho wa benchi, pale ambapo nusu ya makalio hubaki hewani, hukaa Zaim, ambaye wote humwita Bubu. Si kwamba hana ulimi, ila huutumia kwa uchoyo. Asubuhi ile macho yake yalikuwa mekundu, na wenzake walidhani ni moshi wa jiko.

— Leteni kahawa, jamani, mimi bado niko ukumbini! alianza Masharubu. Hata usingizi sikupata. Mke wangu ananiambia lala, mimi namwambia nitalalaje, mwanamke, na wakati mji mzima umesimama?

— Tulisimama, kweli, alisema Mkurugenzi. Mimi na goti langu hili tulisimama.

— Na mimi nilifika wa kwanza, alisema Midhat, akiinua mkono wenye saa. Wa kwanza kabisa.

— Wewe kila siku unafika wa kwanza! alisema Masharubu. Ungekuwa na saa nzima kama watu wazima, ungefika na sisi.

Walicheka. Razija alileta birika dogo la shaba na vikombe visivyo na mikono, na bakuli la sukari ya vipande. Kila mmoja alichovya kipande chake, akakiuma ncha, kama kawaida.

Jioni iliyotangulia walikuwa wote Ukumbi wa Wafanyakazi. Kundi la vijana kutoka Maribor, mji wa mbali kaskazini, lilikuja kupiga nyimbo za Tanuru, bendi ya vijana wa mji huu, iliyotoa sahani moja tu ya santuri mwaka sabini na tisa na kisha ikasambaratika. Sahani hiyo ilirekodiwa kwenye ukumbi uleule. Na katika wimbo wake mkubwa, ule wa msichana anayesubiri getini, muziki unanyamaza ghafla, kisha king'ora cha kiwanda kinalia. Ndicho kilichoupeleka wimbo redioni kutoka Skopje hadi Ljubljana, nchi nzima ya wakati ule. Kila mtu anajua kwamba king'ora kiliingia humo kwa bahati. Jana vijana walipofika mahali pale walinyamaza, hawakuweka mashine wala kinanda. Mwimbaji alinyoosha maiki kwa watu tu. Watu mia nane, wengi wao wenye meno ya bandia, wakavuta pumzi na kulia kwa vinywa vyao: uuuuuuu.

Bubu hakulia uuu na wenzake. Alikaa amekamata kiti cha mbele yake, akatokwa na machozi bila kujificha, kwa fahari ambayo hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Maana king'ora kile alikivuta yeye. Mwaka ule alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na miezi miwili tu kazini. Leo amekaa mwisho wa benchi na neno lilelile alilolimeza miaka arobaini na mitano, na kilichomfunga mdomo kilikuwa kikimetameta kwenye mkono wa Midhat.

— Mmesoma karatasi waliyogawa? aliuliza Mkurugenzi, akaitoa mfukoni, akavaa miwani. Sikilizeni. "Gitaa, fulani. Ngoma, fulani. Kinanda, fulani. King'ora: bahati." Wameandika hivyo hivyo!

— Bahati! Masharubu alitema ncha ya sukari. Bahati gani? Yule alikuwa paka.

— Paka wa nani tena?

— Paka wa mhandisi mkuu. Dume, jeupe, zito kama gunia la saruji. Mimi nilikuwa juu kwenye kreni, nikamwona anapita juu ya paa la chumba cha king'ora. Ameingia dirishani, karuka kwenye ule mkono wa chuma wa kuvutia king'ora, basi.

— Paka atavuta mkono wa kilo kumi?

— Nimekwambia alikuwa mzito! Alikuwa analishwa ini!

— Acha kutupiga fiksi, ndugu yangu, alisema Mkurugenzi, akainamisha kichwa kama mtu anayetoa siri ya dola. Mimi nilikuwa getini, najua nani aliingia. Siku ile liliingia gari jeusi. Watu wawili, kofia, hawacheki. Ile ilikuwa ishara.

— Ishara ya nini?

— Ningejua ingekuwa siri? Ila saa nane kasoro dakika saba king'ora kinalia, na saa nane kamili treni ya mizigo inapita bila kusimama. Treni ambayo haijawahi kupita bila kusimama! Ujerumani huko kuna faili zima la jambo hili.

— Ujerumani ipi?

— Zote mbili!

Razija mwenyewe alicheka, akapunguza moto. Masharubu hakukubali kushindwa. Alisema kuna Mjapani alikuja miaka ya themanini, akapima sauti ya king'ora kwa kifaa, akasema sauti ile haiwezi kutoka kwenye mvuke wa kawaida. Mkurugenzi akasema Mjapani anamkumbuka, na alikuja na mke wa mtu.

Midhat aliwaacha waishiwe pumzi. Alikuwa anaisubiri zamu yake, na alipoipata aliweka mkono wa kushoto juu ya goti, saa ikitazama watu.

— Mmemaliza? Sasa nisemeje tena, nimesema mara elfu. Alivuta baba yangu. Hilmo, msimamizi wa zamu. Saa yake ilikwenda mbele dakika saba, hii hapa, akaona saa nane, mwisho wa zamu, imefika, akavuta. Watu elfu tatu wakaweka zana chini. Alipoulizwa ofisini hakukana. Alisema, ni mimi, ni saa yangu. Wakamtoa kwenye usimamizi, wakampeleka uwanjani kupima chuma chakavu, mwaka mzima, kwenye theluji. Mama alikuwa anampelekea soksi mchana, maana za asubuhi zimeshaganda. Hakulalamika. Jana watu mia nane walipolia, mimi nilimsikia baba yangu.

Hakuna aliyemtania kwenye hilo. Masharubu alimpigapiga begani. Bubu alitazama ndani ya kikombe, akaona masalia tu.

Hapo ndipo alipovuka barabara binti mmoja, gitaa mgongoni, begi mkononi, nywele fupi. Wote walimtambua kabla hajafika. Ni yule mwimbaji wa jana, Neža.

— Shikamooni wazee. Basi langu ni saa nne. Naweza kupata kahawa?

— Kahawa? Binti, wewe unaweza kupata benchi! Mkurugenzi alisimama na goti lake lote. Razija! Mpe mtoto kikombe kizuri, kile kisicho na ufa!

Alikaa katikati yao. Wazee wakamsifu kwa zamu, wakacheka lafudhi yake ya Maribor kwa mapenzi, wakamfundisha kuchovya sukari. Aliwaambia bibi yake aliolewa akiwa na sahani ile kwenye sanduku, na kwamba wao wameipiga katika miji kumi na minne, lakini hakuna watu waliowahi kulia king'ora kama walivyolia wa hapa. Masharubu akafuta jicho, akasingizia mvuke.

— Nilitaka kuuliza kitu kabla sijaondoka, alisema. King'ora kile. Nani alikipiga?

— Babangu, alisema Midhat palepale, akamsimulia yote: saa, ofisi, theluji, soksi.

Binti alisikiliza vizuri. Kisha akauliza, bila ubaya wowote:

— Baba yako alikuwa mwanamuziki?

— Baba? Midhat alicheka. Baba hakujua hata kupiga makofi harusini! Kwenye ngoma ya kuzunguka alikuwa akiwavuta watu kumi wote kwenda upande usio wao.

— Mimi alinikanyaga harusini kwangu, alisema Masharubu. Bwana harusi!

— Basi hapo sielewi, alisema Neža. Tumezipata kanda zote za siku ile. Wimbo ulipigwa mara tisa. Mara nane unafika pale, unanyamaza mapigo manne, hakuna kitu, pengo tupu. Mara ya tisa king'ora kinaingia kwenye pigo la kwanza, wala si kabla wala si baada. Na kinakatika pigo la nne linapoisha. Mpiga ngoma wetu alihesabu mwezi mzima ili aweze kuwaongoza watu pale. Saa iliyokwenda mbele inajuaje kuhesabu mapigo?

Masharubu alifungua mdomo. Pengine alitaka kumtaja paka, ila aliufunga. Mkurugenzi aliitazama karatasi yake kana kwamba jibu limeandikwa nyuma. Midhat aliishika saa kwa mkono mwingine, akaifunika.

— Basi, alisema binti taratibu, alipoona amewanyamazisha. Samahani. Tutaendelea kuandika bahati.

Neno hilo lilimchoma Bubu. Mnara wa king'ora ulikatwa ukauzwa chuma chakavu, bendi imekwisha, wapigaji wawili wamezikwa, na yeye mwenyewe atafuata, na karatasi itaendelea kusema bahati. Lakini alipofungua mdomo hakumtazama binti. Alimtazama Midhat, kwa sababu alikuwa anakwenda kumnyang'anya kitu.

— Midhat, ndugu yangu. Baba yako hakuvuta.

— Nini?

— Nilivuta mimi.

Razija aliweka birika chini.

— Ilikuwa Agosti, joto, madirisha ya ukumbi yamefunguliwa, alisema Zaim. Mimi niko juu, chumba cha king'ora, nasikia kila kitu. Wanapiga, wanafika pale, wanasimama. Wanapiga tena, wanasimama. Nasikia wanagombana, hawajui waweke nini. Mimi najua. Mara ya nane nilikuwa nimeshashika mkono wa kuvutia, nikaogopa. Mara ya tisa sikuogopa. Nikahesabu, nikavuta.

— Dakika saba kabla, alinong'ona Mkurugenzi.

— Nilijua. Nilikuwa na saa ukutani, kubwa kama sinia. Baba yako akapanda ngazi mbio, amebadilika rangi. Nikamwambia ukweli. Nilikuwa na miezi miwili kazini, wangenifukuza siku hiyohiyo, na nyumbani nina mama na wadogo watatu. Akaniangalia. Akavua saa, Midhat, hiyo hapo. Akaishika hivi, akazungusha mishale kwa kidole mpaka ikafika saa nane. Akaniambia, "Saa yangu imekwenda mbele. Wewe hukuwepo, ulikuwa chooni." Alipofika mlangoni akageuka. Akaniuliza kitu kimoja tu.

— Alikuuliza nini? Sauti ya Midhat ilikuwa ndogo.

— Aliuliza, "Kimeingia vizuri?" Nikamwambia kimeingia. Akasema, "Haya," akashuka kwenda ofisini.

Zaim alipangusa macho kwa kiganja.

— Nilimwendea uwanjani na theluji ile, mara nyingi. Nikamwambia nitasema. Akaniambia nikisema atakuwa amepigwa na baridi bure. Halafu akafa, na wewe ukaivaa saa. Nikakusikia unavyomsema. Ningekwambiaje? Nisamehe. Jana nilishindwa kuvumilia.

Midhat aliifunua saa, akaitazama kama mtu anayeonyeshwa picha asiyoijua.

— Kwa hiyo ilikuwa inakwenda sawa, alisema.

— Ilikuwa inakwenda sawa kuliko redio.

— Na yeye hakukosea.

— Hakukosea hata sekunde.

— Miaka yote nimewaambia watu baba yangu alikosea saa, akakubali kosa kiume. Midhat alicheka. Kumbe hakukosea kitu, huyu mzee asiyejua kupiga makofi!

Akamvuta Zaim kutoka ule ukingo wa benchi, akambusu mashavu yote mawili kwa kishindo, mpaka kahawa ikamwagikia suruali ya Mkurugenzi, ambaye kwa mara ya kwanza hakulalamika. Masharubu alikuwa analia waziwazi na masharubu yamelowa.

Neža aliomba karatasi, akatoa kalamu, akakata neno bahati kwa mstari mmoja.

— Niandike vipi?

— King'ora: Zaim Kahriman, alisema Midhat kabla mwenyewe hajapumua. Andika vizuri, kwa herufi kubwa. Na chini yake andika: Lawama: Hilmo Spahić.

— Lawama?

— Lawama. Aliichukua kwa mikono miwili. Iandikwe kila mji mtakaopiga.

Binti aliandika. Mkurugenzi alisoma kwa sauti, kwa sauti ya geti, na Razija akataka isomwe tena. Masharubu, baada ya kupenga kamasi, alisema kwamba hata hivyo paka alikuwepo. Zaim alicheka mpaka akakohoa. Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyegundua.

Upande wa pili basi la kaskazini liliwasha injini. Midhat alikuwa ameshika kitufe cha saa kwa kidole gumba na cha shahada, na wote walimwona, wakadhani sasa anairudisha.

— Saa ngapi, wazee? aliuliza Neža, akipandisha gitaa begani. Saa ya stendi nyuma ya basi ilionyesha saa nne kamili.

Midhat aliachia kitufe, akanyoosha mkono mbele ili benchi zima lione.

— Saa nne na dakika saba, alisema.