Wali Uliokataliwa na Kuku wa Obata

Sogeeni karibu. Sawako, acha hayo mashuka, yatakunjwa kesho. Leo duka limefungwa, hakuna mteja wa kumkimbilia huko chini, kwa hiyo hakuna kisingizio. Tetsuro, chukua karatasi uandike, na uandike kama ninavyosema, usinitengenezee maneno, maana katika nyumba hii nimeshatengenezewa mambo ya kutosha nyuma ya mgongo wangu. Sikilizeni wanangu, tena mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni ya safari moja, ya kurudia sina.

Mimi Kiyomatsu nimesimama nyuma ya kaunta ya viti vinane kwa miaka hamsini na mitatu, nikifinyanga sushi, tonge la wali wa siki na kipande cha samaki mbichi juu yake. Wavuvi wa mji huu, walimu wake, maharusi wake na wafiwa wake, wote wamekula mkononi mwangu. Mtu anaingia, anapitisha kichwa chini ya pazia la mlangoni, anaketi, anasema, "Fundi, leo nakuachia wewe," basi hapo amenikabidhi kinywa chake, hachagui wala haulizi. Na mimi nilikuwa na desturi ya kumtazama usoni tonge la kwanza linapoingia, kwa kuamini kwamba ulimi wa mtu unaweza kudanganya lakini uso wake hauwezi. Hayo ndiyo niliyoamini maisha yangu yote, na nilikuwa mjinga.

Majira ya baridi aliyofariki mama yenu, miaka minne iliyopita, homa ilinilaza wiki mbili, na nilipoinuka, ulimi wangu ulibaki kitandani. Samaki alikuwa kama karatasi iliyolowa, chai ilikuwa maji ya moto. Sikumwambia mtu. Hilo liandike mwanzo, Tetsuro: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, nanyi nawapa haki yenu, kosa la kwanza lilikuwa langu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha. Kila asubuhi nilipika wali, nikaumwaga kwenye beseni la mbao, nikautia siki na kuukatakata kwa mwiko huku nikiupepea, na kila nilipouonja niliuona umepooza, nikaongeza chumvi, nikaongeza siki, na kesho yake nikaongeza tena.

Mtu wa kwanza kulijua jambo hili alikuwa Bibi Tokue kinyozi. Mnamkumbuka, kiti cha mwisho ukutani kilikuwa chake tangu Sawako akiwa mgongoni kwa mama yake, na chupa yake ya pombe ilikaa rafuni kwetu, ina kibao shingoni chenye jina lake, kilichoandikwa kwa mkono wa marehemu mumewe. Siku hiyo alikula tonge moja, akaweka kikombe chini.

"Kiyomatsu, wali huu kapika nani?"

"Mimi. Tangu lini apike mwingine?"

"Basi kapumzike, kaka yangu. Huu si wa kumpa mtu."

Alisema mbele ya watu sita. Kisha Yatabe, rafiki yangu tangu tulipokuwa tukiiba matunda ya hekaluni, akacheka akasema, "Bibi Tokue, hizo dawa zako za nywele zimeshakuunguza ulimi!" Watu wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote. Kesho yake niliitoa chupa rafuni, nikaifunga kwa kitambaa, nikamwagiza Tetsuro aipeleke kinyozini. Mnajua nini maana yake katika mji wetu kumrudishia mteja chupa yake. Ni kumwambia usilikanyage tena duka langu, tena kwa adabu, bila kumfungulia mdomo. Aliipokea, akainamisha kichwa, hakurudi tena. Miaka minne nimekuwa nikipanda treni kwenda kunyolewa mji wa pili, kichwa chenyewe kikiwa na nywele za kuhesabika, ili tu nisimpe uso.

Kumbe siku ileile aliyosema Bibi Tokue, wewe, Sawako, ulipokuwa ukiosha lile beseni jikoni, ulilamba mwiko.

Sasa hapa ndipo penye msumari wangu. Ulilamba, ukajua, ukanyamaza. Ukaenda kununua beseni la pili linalofanana na langu kama mapacha, hata lile doa kwenye pete ya shaba inayolizunguka ukaliiga. Kila siku nikishamaliza wali wangu na kupanda juu kujinyoosha nusu saa kama daktari alivyoagiza, ulikuwa ukiyabadilisha mabeseni, wako mbele, wangu nyuma, na wangu ukiupeleka uchochoroni kwa kuku wa Obata, jirani yetu wa nyuma. Na wewe Tetsuro, uliyesimama nami bega kwa bega, uliona kila kitu, nami nilipokuuliza, "Wali wa leo ukoje?" ulijibu, "Uko sawa, Baba." Miaka minne uko sawa! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zangu mlikuwa ninyi.

Wala hamkuwa peke yenu. Mji mzima ulijua. Sherehe ya duka kutimiza miaka hamsini, pale ukumbi wa chama cha wavuvi, nani kati yenu ameisahau? Nilisimama jukwaani nimevaa koti jipya jeupe, nikawafundisha vijana namna ya kutia siki kwenye wali, nikawakaripia kwamba kizazi chao hakina ulimi. Watu wakala, wakapiga makofi, wengine machozi yakawatoka. Wakasema, "Fundi, mkono wako umezidi kukomaa." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi masikini nilikuwa nikisifiwa kwa tembo la mgema mwingine, naye alikuwa nyuma anaosha sahani.

Na mikono yangu ilijua! Hili linaniuma kuliko hayo mengine. Zilikuwepo siku nilipofinyanga tonge nikahisi punje zimeshikana sawasawa, hazing'ang'anii wala hazimwagiki, nikajiambia, tazama Kiyomatsu, unazeeka vizuri. Nyani haoni kundule.

Mwaka huu theluji ya kwanza ilipoanguka nilitoka kwa mlango wa nyuma na koleo langu kuizoa. Nikaliona sinia la kuku wa Obata, limejaa wali. Mtu aliyekata wali miaka hamsini anaujua wali wake hata ukiwa umetupwa, kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Kuku walikuwa wakichakura theluji pembeni yake, wakitafuta majani makavu. Obata akatoka na kikombe chake cha chai, bado hajaamka vizuri.

"Aa, Mzee Kiyomatsu! Mwambie Sawako asijisumbue tena. Mwanzo walikuwa wakiugombania, lakini mwaka huu hawaugusi. Wakiudonoa kidogo tu, kutwa wanashinda kwenye maji."

Kisha akanitazama, akalitazama lile koleo, akaziba mdomo. Akaanza kuinama kuomba radhi, akainama tena na tena, na mimi nikawa bado namtazama jogoo wake. Kuku hana adabu, wanangu. Hajui kusema mtamu kwa ajili ya kumsitiri mzee. Katika mji mzima nilibakiwa na wakweli wawili, Bibi Tokue na kuku wa Obata, na mmoja wao nilikuwa nimemfukuza.

Nilikwenda kwa Yatabe na viatu vyangu vya theluji, nikamuuliza sababu ya kunificha. Hata hakukana.

"Ningekwambiaje, Kiyomatsu? Ungelifunga duka kesho yake. Mimi kila Alhamisi ningekwenda kula wapi? Halafu kila mtu alidhani mwenzake atakwambia."

"Wewe ulimcheka Bibi Tokue."

"Nilicheka ili usione haya."

Basi hao ndio marafiki, wanakuvika nguo ya kicheko halafu wanakuacha upite uchi sokoni. Andika hivyo hivyo, Tetsuro, na umsomee mwenyewe akija kunizika. Simchukii, lakini nimeumia, na sitaki kufa nikijifanya sikuumia. Tumeshajifanya vya kutosha.

Niliporudi nyumbani nilikufokea, Sawako, mpaka pumzi ikaniishia kwenye ngazi, na nadhani ndiyo hiyo iliyonilaza hapa. Nilikuuliza kwa nini hukuniambia. Ulikuwa unakausha mwiko. Hukulia, hukuomba radhi. Ulisema, "Baba, lini uliwahi kunisikiliza habari za wali?"

Nipeni maji. Kidogo tu, nilowanishe midomo. Basi.

Neno hilo nimelala nalo wiki tatu sasa. Ulikuwa na miaka kumi na tisa ulipokuja ukasimama mbele ya kaunta, umefunga kitambaa kichwani, ukasema unataka kufundishwa. Watu walikuwepo. Nikasema, "Mikono ya mwanamke ina moto, itamwivisha samaki kabla mteja hajamla." Wakacheka. Na wewe ukacheka pamoja nao, ukafungua kile kitambaa, ukarudi jikoni kuosha sahani, na umeziosha miaka ishirini na sita. Mimi sikuwahi kuugusa mkono wako nikajua una moto au una baridi. Niliambiwa hivyo na bwana aliyenifundisha, naye aliambiwa na wake, na hakuna kati yetu aliyewahi kupima. Kwa hiyo nikiwauliza nani alianza kumficha mwenzake katika nyumba hii, nakuta kidole kinarudi kwangu. Lakini msidhani nimewafutia. Uchungu wangu uko palepale. Nimeuongezea mwingine tu ubavuni.

Sasa andika maagizo, Tetsuro.

Visu vyangu vyote ni vyako. Mkono wako kwenye samaki ni mwepesi kuliko wangu nilipokuwa na umri huo, sikuwahi kukwambia, nilidhani sifa zitakuharibu. Nyumba hii ya juu ni yenu wote wawili, asiwepo wa kumfukuza mwenziwe. Lakini pazia la mlangoni, ambalo ndilo duka lenyewe, na nafasi ya katikati nyuma ya kaunta, ni vya Sawako. Najua mji ulimtazamia mwana wa kiume. Mtu akiingia akauliza, "Fundi yuko wapi?" wewe Tetsuro ndiye utakayemwonyesha dada yako kwa mkono, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kiti cha mwisho. Hiyo ndiyo adhabu yako kwa ule "uko sawa" wako, na radhi yangu kwako imefungwa humo.

Usiku wa kukesha na maiti yangu watu watakuja, na desturi itataka walishwe sushi. Radi ya Desemba imeshapiga, buri, wale samaki wakubwa wa majira ya baridi, wameingia ghubani wakiwa wamenona, kwa hiyo kateni buri. Wali apike Sawako. Na kabla mtu hajatia tonge kinywani, Tetsuro asimame mbele ya jeneza langu aseme, wali huu kapika Sawako, na ule mliokula miaka minne kapika Sawako, na ule mliopigia makofi ukumbini kapika Sawako. Atakayetaka kusema mtamu amtazame yeye, asiitazame picha yangu.

Beseni langu lichomeni. Hapana... hapana, mpeni Obata awanyweshee kuku maji.

Na kila asubuhi, mmoja apike na mwingine aonje, na mwonjaji aseme la kweli kabla mlango haujafunguliwa. Mkizeeka, mwambiane. Msinifanyie... msifanyiane nilivyofanyiwa. Bora mtu alie siku moja kuliko...

Ngojeni.

Bibi Tokue. Sawako, nenda wewe, usimtume mtu. Nenda leo, kinyozini kwake hakufungwi Jumatano kama kwetu. Mwombe ile chupa, kama hajaivunja. Mwambie Kiyomatsu anasema wali ulikuwa mbaya. Anasema ulisema kweli, akakufukuza. Irudishe rafuni, kibao chake kitazame mbele. Kiti cha ukutani asikikalie mtu... hata duka likijaa. Na kama atakubali, aje aninyoe. Akija nimeshaondoka, aninyoe hivyohivyo. Sitaki kwenda nimenyolewa na mgeni.

Wanangu. Mikono yenu isikose kazi. Vinywa mtakavyoachiwa msivisaliti. Mama yenu awatazame mlangoni kila pazia likiinuliwa, na mimi, nikiruhusiwa, nitasimama nyuma yake. Radhi zangu ziko juu yenu. Zimechelewa... lakini ni zote.

Acha kuandika, Tetsuro. Imetosha.

Sawako. Lete mkono. Huo wa kulia, wa kufinyangia. Uweke hapa, juu ya wangu.

Kumbe ni wa moto.

Basi uache hapohapo.