Mama Kioo na Mnara Usioonekana Pichani

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha giza cha jumba letu la picha za kale, Mama Kioo anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Mimi nimetembea dunia, nimeona mafundi picha wa kila namna. Kama huyu, bado.

Jina alipewa na vioo vyenyewe. Wapiga picha wa mwanzo hawakuwa na filamu. Waliunasa mji kwenye vioo, kipande kwa kipande, minara na makuba yote. Mama Kioo ndiye aliyetusafishia picha hizo, na hajavunja kioo hata kimoja. Vikombe vya chai vya ofisi, tusiviseme.

Mwaka jana alitundika kazi yake kubwa kuliko zote: picha ya mji mzima wa zamani, iliyounganishwa kutoka vioo vile, upana wa ukumbi. Asubuhi ya ufunguzi wakaja wazee wa msikiti mkuu, wamevimba. Minara ya watu wote imo, wa kwao haumo! Mmetufuta, walisema, picha ishuke. Mkurugenzi wetu, mpenda amani, akaagiza ngazi. Mama Kioo alikwisha kupekua kila sanduku akidhani kuna kioo kimepotea. Kioo hakukipata, ulimi alikuwa nao. Akawaambia wazee wake kwamba yeye hajafuta kitu ila vumbi, na kama mnara ulijificha siku ile, basi twende tukauulize wenyewe.

Tukaupanda mnara wao. Mimi nilibeba nakala ya picha na, bila kujisifu, nilipumzika mara chache kuliko mkurugenzi. Kule juu mwadhini akaitazama picha, akautazama mji, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Kuba kwa kuba, ndivyo auonavyo mji kila akipanda! Mpiga picha wa kale alisimama palepale. Sasa mnara ungejionaje? Wazee waliteremka wakigombania nani atasimama karibu na picha jioni ile.

Picha haijashuka mpaka leo. Na wazee wamemwomba Mama Kioo, siku yake ya mwisho, apande tena mnarani na kamera kongwe ya mbao, ya wakati wa vioo, aupige mji picha upya. Magoti yanalalamika, yeye hayasikilizi. Sisi tutakuwa juu ya paa la jumba letu, ili nasi tumo pichani. Kamera ile ni ya polepole, anayetikisika hufutika, kwa hiyo jamani, tusimame kama milingoti, hata machozi yasubiri.

Asante, mama yetu, kwa kazi na kwa masimango matamu. Mungu akupe siku nyingi zenye mwanga wa kutosha. Ukimaliza kupiga, ndipo tutakupungia mkono.