Matunzo ya Siku Kumi na Tisa

Kijiwe chetu kiko Mgeta, kando ya pale malori ya mboga yanapopakia kwenda Dar. Benchi moja, birika la Said, kashata, na maneno yasiyolipiwa ushuru. Jana hakuna aliyecheka. Castory, mkulima wa kabichi, alikuja na barua: Alhamisi aende baraza la kata, mkewe Winfrida anadai matunzo. Wamekaa siku kumi na tisa tu, mwanamke akarudi kwao! Mimi mwenyewe nina mke, nikasikia baridi mgongoni.

— Siku kumi na tisa si ndoa, ni ugeni, nikasema nimpe moyo.

— Nani kakudanganya? Wakili akadakia. Huyu ni bodaboda. Jina alilipata kwa kutoa ushahidi mara moja, kesi ya mbuzi. — Haba na haba hujaza kibaba! Sheria haihesabu siku, inatazama cheti. Utamlisha mpaka aolewe tena.

— Ataolewa lini? Castory akauliza.

— Haolewi ng'o! Atakaa hivyo hivyo mpaka meno yamtoke, kukukomoa.

Castory akaweka kikombe chini.

— Sina kitu, jamani. Yale matuta ninayolima kabichi ni ya ukoo wa mama. Mjomba Elia alinikatia kwa sababu nimeoa.

— Basi umekwisha, akasema Mzee Dadi, na yeye si mtu wa utani. — Sisi Waluguru ardhi tunaifuata kwa mama. Mjomba akisikia baraza linataja matuta ya ukoo, anayachukua siku hiyo hiyo.

— Sasa nitalima wapi, babu?

— Afadhali matuta, Said akasema huku akimimina. — Nasikia kuna mmoja alifariki, yale matunzo yakamwangukia mpwa wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Mpwa? Wakili akashtuka. — Mbona mimi nina wajomba wanne!

Nami nikaanza kuhesabu wa kwangu. Wawili wana ndoa changa, Mungu wangu.

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri lori na tenga la karoti akasogea. Hatukumjua.

— Shikamoo, babu.

— Marahaba, mwanangu.

— Naitwa Magdalena, natoka kule bondeni kwa kina Winfrida. Nilimwona asubuhi ile anashuka. Hana mzigo, hana viatu, na njia ile yote ni mawe. Alikuwa anakimbia nini?

Wakili akakohoa. Said akabaki ameshika birika. Sote tukamgeukia Castory, naye akaikunja ile barua, akaikunja tena. Lori likapiga honi. Yule mama akajitwika tenga lake akaenda.

— Mjukuu wangu, Mzee Dadi akasema polepole, — umeulizwa.

Castory akaitia ile barua mfukoni. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega. Nikasogea mbali naye.