Suti za Gavana

Bushra, muuza vitenge wa Tanga, alikuwa ameketi kwenye teksi ya abiria iendayo Observatory, kitongoji cha Johannesburg, nyuma ya Wakongo wawili waliojuana majina humo humo garini. Hakukusudia kuwasikiliza, ila hawakuwa wakinong'ona.

Emery, fundi cherehani, alikuwa akieleza kwamba Jumamosi anarudi kwao moja kwa moja. Gavana wa jimbo lao, katika kufufua uchumi uliolala, alikuwa ameamuru watumishi wote wa serikali wavae suti zilizoshonwa jimboni. "Mafundi tumeitwa, mama. Chumba nimeshakiachia."

"Papa, kaka yangu ni karani wa gavana huyo huyo," alisema Murielle, jirani yake wa kiti, akifungua mfuko aliokuwa ameupakata. "Ameniagiza suti ya hapa Joburg. Anataka niitoe lebo, niishonee ya kule."

Bushra aligeukia dirishani ili asicheke. Emery aliigeuza kola ya suti ile, akaikagua mishono yake.

"Huu ni mkono wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari zaidi kuliko hasira.

"Basi baki. Wameshakuvaa. Unaenda kufanya nini?"

"Kuwashonea kule kule, wasihangaike na lebo."

"Suti ukiishonea kule hawataitaka."

"Gavana ameamuru, mama."

"Na yeye gavana, yake imeshonwa wapi?"

Emery alifungua mdomo, na teksi ikasimama mwisho wa safari. Bushra alitakiwa kushuka Yeoville, vituo kadhaa nyuma.