Marehemu Nazzareno Bellucci, Mtundika Ngao wa Roccamaura

Marehemu Nazzareno Bellucci alizaliwa hapa Roccamaura tarehe 9 Mei 1814, wiki ambayo Wafaransa walikuwa wameshaondoka na watu wa Baba Mtakatifu wa Roma hawajarudi kututawala. Ubatizo wake ulichelewa siku nne kwa sababu padri hakujua aandike kitabuni kwamba mtoto huyu ni raia wa nani. Mwenyewe alikuwa akisema kwa kucheka kwamba siku nne hizo ndizo pekee alizoishi bila bwana.

Alisoma kwa padri majira mawili ya baridi, kisha akarithi kazi ya baba yake, ubawabu wa lango la mji. Kila utawala ulipobadilika, ndiye aliyepanda ngazi akateremsha ngao ya zamani yenye nembo ya mtawala na kutundika mpya. Hakuna iliyochomwa. Zote ziliwekwa ghalani, maana watawala wetu wana tabia ya kurudi.

Tarehe 20 Januari 1836 alimwoa Palmira, binti wa mchoma mkaa. Walijaliwa Elpidio, na Settimia anayewasomea haya.

Septemba 1860 askari wa mfalme walifika kuutwaa mji kutoka kwa Baba Mtakatifu, naye akatundika ngao ya mfalme, ya msalaba mweupe. Wiki tatu baadaye wachungaji wa kondoo walileta habari kwamba jeshi la Baba Mtakatifu linapanda mlima. Marehemu hakungoja kuhakikisha, akairudisha ngao ya Baba Mtakatifu, ya funguo mbili. Waliotokeza kwenye kona walikuwa askari wa mfalme.

Kapteni aliuliza ni nani aliyeitundika. Marehemu akainamia ngazi yake. Elpidio, kijana wa miaka ishirini na miwili, akasema, "Mimi." Alipigwa risasi palepale, baba yake kasimama hatua tatu tu kutoka kwake, hakusema neno. Mungu wangu, hakusema neno! Nasi tuliokuwepo langoni tulijua, tukanyamaza vilevile.

Tangu siku hiyo mama alimpikia na kumfulia, lakini hakumsemesha, miaka ishirini na minane.

Krismasi iliyopita alishikwa na kifua. Jumapili tarehe 3 Februari 1889 alimwita mama akamwambia, "Palmira, mkono ulioitundika ngao ile ulikuwa wangu."

"Najua," mama akamjibu. Marehemu alikata roho kabla ya misa.

Ameacha mjane, binti mmoja na wajukuu watano. Aliomba azikwe nje ya ukuta, mbali na mwanawe, kwa aibu. Jana padri alimuuliza mama kaburi lichimbwe wapi.

"Mlazeni ubavuni mwa mwanangu," alisema. "Akamweleze mwenyewe."

Haya baba, nenda kamweleze. Ukishamaliza, Mungu akujalie kupumzika.