Muujiza Nilioutunga

Wapendwa, nitasimama hapa hapa katikati ya viti. Kule mbele sitapanda, kwa sababu kule mbele ndiko nilikosimama nikawadanganya, na wengi wenu mlinipigia makofi. Lakini leo kuna wageni pia, vijana mnaotumwa utume. Nimeona mabegi yenu yamepangwa mlangoni. Padri ameniomba niwasimulie mwaka wangu kabla hamjaondoka. Sitamtaja mtu jina. Na msingoje nilie. Mimi si mtu wa kulia, mtaona.

Nilitumwa wakati wa kiangazi, ile miezi ambayo baridi ya asubuhi inauma masikio na vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya chai. Tulitumwa wawili wawili, kama kawaida yetu. Mwenzangu alikuwa msichana wa Kipushi, mfupi, ambaye kicheko chake kilifika nyumbani kwa watu kabla yake. Tulipewa nyumba kumi na moja za kutembelea huku Annexe, pembezoni kabisa mwa mji, ambako nyumba za matofali zinakwisha na mashamba ya mahindi yanaanza. Nyumba za wazee, za wagonjwa, za watu wasio na mtu.

Mnaijua desturi ya kanisa letu, ila kwa wageni nitaieleza. Kila jioni anayetumwa anaandika katika daftari ajabu moja dogo aliloliona siku hiyo. Si lazima kipofu aone. Inatosha kwamba umeona kitu ukajua hukukifanya wewe. Ijumaa mchana tunakutana katika ukumbi huu, kila mmoja anasoma la kwake. Mama anayesimamia huruma, yaani anayepanga chungu cha chakula kiende kwa nani, anakaa pale pembeni na orodha yake, anasikiliza. Akisikia mtu amepona, anamfuta, anaandika mwingine. Vyungu ni vichache na wagonjwa ni wengi. Shikeni hilo, kwa sababu ndilo lililonikamata.

Mwenzangu alikuwa haishiwi na maajabu. Kuku wa jirani alitaga yai ndani ya kiatu chake: ajabu. Mzee kipofu alitutambua kwa namna tunavyokohoa: ajabu. Aliandika huku ulimi umetoka nje kidogo, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Yaya, na weye uliona nini lelo?" ananiuliza. Kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Niliona vumbi."

"Basi andika vumbi! Mungu njo alitengeneza vumbi."

Tunacheka. Wakati ule nilikuwa bado nacheka.

Mwezi wa tatu wa utume baba yangu alifariki. Alifanya kazi ya reli miaka mingi, akastaafu, na asubuhi moja aliinama kufunga kamba za viatu, hakuinuka. Nilienda matangani. Shangazi zangu walijitupa chini. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikihesabu matundu ya turubai lililofungwa juu yetu. Yalikuwa matundu thelathini na manne. Nilimsikia shangazi mmoja nyuma yangu akisema, "Mutoto huyu, hata chozi moja? Masomo ilimuharibu." Nilitaka kukasirika. Nilitafuta mahali ambapo hasira hukaa, sikupaona.

Baada ya wiki nilirudi utumeni. Padri aliniambia naweza kupumzika. Nikasema niko muzuri.

Ndugu zangu, nawaambia, haikuwa huzuni. Huzuni ningeitambua. Mmewahi kulalia mkono usiku kucha? Unaamka, unaushika kwa mkono wa pili, unaona kweli ni mkono, una vidole, una kucha. Lakini si wako. Ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima. Nilibisha hodi, nilisali, nilishika mikono ya wagonjwa. Kila kitu nilikifanya kwa wakati wake. Na jioni ukurasa ulikuwa mweupe.

Mwanzoni niliiba maajabu ya mwenzangu, nikayaandika kwa maneno yangu. Kisha nikaanza kutunga. Tangu shule nilikuwa mtu wa maneno, nikiandika barua za mapenzi za darasa zima. Niliandika upepo wa vumbi uliotulia tulipobisha hodi. Niliandika mtoto aliyekuwa akilia, akashika msalaba wangu, akanyamaza. Ijumaa nilisoma na mlipiga makofi. Niliyasikia kama mvua inayonyesha juu ya paa la jirani, kwangu hainyeshi.

Halafu mwenzangu akapata malaria. Sheria yetu ni kwamba mtu hatembei peke yake, kwa hiyo nilitakiwa nimchukue mama mmoja wa shirika letu twende naye. Sikumchukua. Nilitoka asubuhi na daftari langu, nikafika nusu ya njia, nikakaa juu ya rundo la matofali kando ya shamba la mtu. Nilikaa mpaka jua likahama upande. Nilifanya hivyo siku tatu. Sikuingia nyumba hata moja.

Nyumba ya mwisho katika orodha yetu ilikuwa ya bibi mmoja, tulimwita Nkambo, kama tunavyowaita bibi zetu. Miguu yake ilikuwa imekataa kumbeba kwa miaka miwili. Watoto wake walienda kutafuta kazi kwenye migodi ya mbali, habari zao zikakatika. Aliishi katika chumba kimoja. Maji aliletewa na jirani, chakula aliletewa na kanisa, chungu kimoja kila mchana.

Ijumaa ilifika na sikuwa na kitu. Nikasimama pale mbele, nikasoma: Nkambo amesimama. Ameshika ukuta, amefika mlangoni, amewasha mwenyewe jiko lake la makaa, mbabula yake, akasonga bukari, yaani ugali, akala.

Mnakumbuka. Mlisimama wote. Mtu alianzisha wimbo. Na mama wa huruma alijifuta macho kwa kitenge, akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina la Nkambo, akaandika jina lingine.

Niliiona kalamu ile. Nawaambia ukweli mbele ya Mungu, niliiona ikipita. Ningeweza kusema neno moja tu. Si kwamba niliogopa. Woga ni kitu mtu anachokisikia mwilini. Nilikunja daftari nikaketi.

Wiki ile mvua za kwanza zilinyesha, na yule jirani wa maji alienda shambani kupanda mahindi. Aliondoka moyo mweupe: alikuwa amesikia, kama Annexe nzima, kwamba Nkambo sasa anatembea na kanisa linamwangalia.

Siku ya nane ya ugonjwa wake mwenzangu akaamka hana homa. Alikuwa amekonda, lakini kicheko kilikuwa kile kile. Alikuwa amemtuma mtu sokoni amnunulie kandambili mpya za kijani.

"Za nani?" nikamuuliza.

"Za Nkambo! Muntu mwenye anatembea, atatembea miguu mitupu? Twende, Yaya, nimuone na macho yangu."

Ningeweza kusema pale. Ningeweza kusema njiani, na njia ni ndefu. Nilitembea nyuma yake nikiangalia zile kandambili zikining'inia kwenye kidole chake.

Alianza kupiga kelele tukiwa bado barabarani. "Hodi, Nkambo! Tumekuya kukuona unatembea!"

Sauti ikatoka chini sana, karibu na ardhi. "Muingie. Mulango haiko na funguo."

Alikuwa amelala sakafuni nyuma ya mlango. Alikuwa amejiburuza kutoka kitandani mpaka pale, akasukuma sufuria nje kwa fimbo, ikinge maji ya mvua kutoka kwenye bati. Kando yake kulikuwa na bakuli lenye punje za mahindi zilizolowekwa, mbegu zake za kupanda. Sitawasimulia harufu. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alituangalia mmoja mmoja, kwa muda mrefu.

"Kumbe muko bazima," akasema. "Nilisema mulikufa bote. Bantu ba kanisa habawezi kuacha muntu hivi hivi. Nilisema, ni kipindupindu njo ilibabeba."

Mwenzangu alikuwa amepiga magoti. "Nkambo, unakula nini?"

"Nakula mbegu. Niko na meno mbili, moja huku, moja kule, hayajuane. Inachukua siku muzima." Akajaribu kucheka, akakohoa. Kisha akaninyooshea kidole. "Nilibaombea kila siku. Lakini weye murefu, weye njo nilikuombea zaidi, juu ulifiwa na baba."

Mwenzangu aliziangalia kandambili. Akaniangalia mimi.

"Yaya. Ulisema ulimuona."

"Sikuja."

"Ulisoma mbele ya bantu."

"Sikuja."

Alinipiga kwa kandambili begani, mara moja, kwa nguvu zote za mtu aliyetoka malaria. Kisha akageuka akaanza kuwasha moto. Mimi nilichota maji, nikamwosha Nkambo, nikabadilisha nguo. Mikono yangu ilifanya vizuri. Hata hapo, ndugu zangu, hata hapo sikusikia kitu. Nilijua tu, kama mtu anavyojua njia ya kwenda nyumbani, kwamba mwanamke huyu angeweza kufa kwa sababu yangu, na alikuwa anatuombea sisi.

Mchana ule ule nilienda kwa mama wa huruma. Nilimkuta uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nilimwambia yote, nimesimama. Aliendelea kutwanga mpaka nikamaliza.

"Ulikata chakula ya muntu na kalamu," akasema. Akatwanga mara mbili, tatu. "Hapana. Kukata, nilikata miye. Weye ulinipa kalamu." Akaacha mchi ndani ya kinu, akaingia ndani kuvaa viatu, akaenda kwa Nkambo bila kunisubiri.

Ijumaa nilisimama pale mbele tena. Niliwasomea ukurasa ule wa uongo, nikawaambia ni uongo, nikawaambia na mengine, ya upepo na ya mtoto. Hamkupiga makofi. Mzee mmoja alitoka nje. Nilingoja Padri anirudishe nyumbani, na ningeenda bila kinyongo. Yeye akanyoosha mkono.

"Daftari nipe. Hautaandika kitu tena mpaka nikuambie. Na kuanzia kesho, chungu cha Nkambo ni chako. Utapika kwake, mbele yake."

Basi, nilipika. Mimi msichana wa maneno sikujua hata kuwasha makaa yaliyoloa. Nkambo alilala kwenye godoro lake akinielekeza kwa fimbo. "Puliza chini! Chini! Unapuliza mpaka Zambia!" Bukari yangu ilikuwa na mabonge. Alilisogeza bonge upande mmoja wa mdomo, upande wa pili, akalitoa, akaliangalia.

"Hii bukari, baba yako aliikula?"

"Aliikula, Nkambo."

"Njo maana alikufa."

Kicheko kikatoka. Kilitoka kwangu. Nilicheka nikashika tumbo, na Nkambo alicheka na meno yake mawili, tukacheka kama wendawazimu juu ya marehemu baba yangu na bukari mbaya. Nilipotulia aliniuliza, "Alikuwa nani, huyu baba?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Watu walikuwa wameniambia pole, wamenisomea Zaburi. Nikamweleza: jinsi alivyojua treni ipi inapita kwa kusikia tu, jinsi alivyopiga pasi suruali yake mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na mistari yake.

Ndugu zangu, machozi hayakuja. Nisingependa kuwadanganya mara ya pili. Yalikuja maumivu, kidogo tu, hapa chini ya mbavu, upande wa kushoto. Nilikaa nikiyasikiliza. Ilikuwa miezi mitatu tangu kitu chochote kiniume, na niliogopa kusogea yasije yakaondoka.

Yaliondoka. Yalirudi baada ya siku nne, nikimenya kitunguu. Ndivyo ilivyokuwa, na mara nyingi ndivyo ilivyo bado. Siku nyingi niko kavu. Lakini katika siku hizo za kupika bila kuandika, nilianza kuona. Niliona vidole vya Nkambo vinavyoshika kijiko vizuri zaidi asubuhi kuliko jioni. Niliona mwenzangu, aliyekuwa hajasema nami neno, akiniachia nusu ya sabuni yake juu ya ukuta. Niliona kwamba makaa yaliyoloa yanashika, ukipuliza chini. Hakuna aliyengoja nisome mambo hayo. Yalikuwepo tu, na mimi nilikuwepo.

Ninyi mnaotumwa, nawaomba jambo moja. Mtafika jioni ambayo hamkuona kitu. Itafika, hata kwa mwenye imani. Acheni ukurasa mweupe, na Ijumaa simameni mseme, sikuona kitu. Mtaona aibu. Lakini mama wa huruma hataondoa chungu cha mtu kwa sababu ya aibu yenu. Na mkimkuta mtu anafanya kila kitu vizuri baada ya msiba, halii, hachelewi, msimsifu. Muulizeni marehemu alikuwa nani.

Namshukuru Padri aliyeninyang'anya kalamu. Namshukuru mama wa huruma, ambaye tangu siku ile anaenda kuona kwa macho kabla ya kufuta jina. Namshukuru mwenzangu wa Kipushi, bega limepona. Ninyi mlioketi siku ile mkanisikiliza mpaka mwisho, asanteni.

Wengine mtaniuliza kama Nkambo amesimama. Hajasimama, na daktari anasema hatasimama. Leo mchana, kabla ya kuja hapa, nilimpelekea chakula. Alikula nusu sahani, akalalamika kwamba samaki ana mifupa, akageukia ukutani akalala. Nililiona hilo mwenyewe. Nilikuwa nimekaa pale.